Jinsi ya Kushindwa kwa Heshima kwenye Mbio za Pikipiki za cc 50

Kila mwaka nchini Uingereza, baridi ikishapungua, watu wazima wenye wajukuu na mikopo ya nyumba hujaza viwanja vya go-kati, wakapanda vipikipiki vya cc 50 na kushindana kwa saa tatu, nne, hata sita mfululizo. Chombo kimoja, watu watatu au wanne wa kupokezana, na timu iliyozunguka mara nyingi zaidi ndiyo bingwa. Nawe unataka kuingia. Karibu sana. Huna hela, huna fundi, na kitambi kinafika kwenye tangi la mafuta kabla yako. Sifa zote unazo.

Suala la ubingwa tulimalize hapa hapa. Ubingwa una wenyewe: vijana wa kilo 55 ambao baba zao wana gereji. Waachie. Sisi tunatafuta msimu mzima, Aprili mpaka Oktoba, wenye picha nzuri, kikombe kimoja ikiwezekana, na maelezo ambayo hakuna atakayethubutu kuyapinga.

1. Nunua hadithi, usinunue mwendo

Desemba 1971 serikali ya Uingereza iliamua kwamba kijana wa miaka 16 asipande pikipiki inayozidi cc 50, tena iwe na pedali kama baiskeli. Yamaha wakaleta FS1-E: gia nne, na pedali za kuiridhisha sheria tu, maana mwenye akili timamu hakuzikanyaga mara mbili. Ikawa inapita kilomita 70 kwa saa. Mwaka 1977 serikali ikashtuka, ikaziwekea mopedi mpya kikomo cha maili 30, yaani kama kilomita 48. Raha ikaisha.

Unaona faida ilipo? Mvulana aliyekuwa na miaka 16 mwaka 1973 leo amevuka 60 zamani, ana pensheni, ana sanduku la spana, na kila siku ya mbio anafika na kiti chake cha kukunja. Tafuta FS1-E, hata ya kuungaunga: fremu ya huyu, injini ya yule, tangi la marehemu. Ikizima, isukume mpaka karibu na kile kiti. Usiombe msaada. Simama uitazame kwa huzuni. Dakika haiishi mzee yuko magotini, kabureta mkononi, na wewe unafanyiwa sevisi ya bure huku ukisimuliwa habari za binti aliyempakia mwaka 1974. Itikia. Ukionyesha kuchoka, kabureta linarudi kwako vipande vipande.

Bei ikikushinda, na itakushinda, geukia Ufaransa. VéloSolex ilianza kuuzwa mwaka 1946, ikatengenezwa mpaka 1988, na zilitoka zaidi ya milioni saba. Injini imekaa juu ya gurudumu la mbele na inazungusha roli ndogo inayosugua tairi. Basi, hakuna zaidi. Mvua ikinyesha, roli inateleza kwenye mpira uliolowa, injini inalia, wewe uko palepale. Wasiojua wanaita huo ni udhaifu. Kwako ni sababu iliyotoka nayo kiwandani, na uko katika nchi isiyoishiwa mvua.

2. Ingia daraja lisilo na watu

Wenzako wanaposoma vitabu vya injini, wewe soma kanuni. Vyombo hugawanywa: vyenye gia na visivyo na gia, vya kupoozwa kwa hewa na vya maji, vilivyoachwa kama vilivyotoka dukani na vilivyochokonolewa. Pekua mpaka upate daraja ambalo timu ni tatu. Jukwaa la washindi lina nafasi tatu. Hesabu nyingine hazituhusu.

Mpiga picha mwombe apige kwa karibu, kuanzia kiunoni kwenda juu, kikombe kionekane. Hakuna shemeji aliyewahi kuuliza mlikuwa wangapi.

3. Pangeni wapandaji bila mizani

Nguvu za farasi za injini hii hazitimii tano, na zinatakiwa kumvuta mwanamume wa kilo 95 kupandisha kilima. Kilo moja moja inaonekana kwenye saa. Lakini usimuulize mtu uzito wake, atakudanganya, na yeye mwenyewe ataamini alichosema. Angalia suti yake ya ngozi. Kama zipu ilifunga mara ya mwisho kabla hajaoa, huyo mpe zamu ya katikati, mvua ikiwa imeanza na watu wamekwenda kunywa chai. Mwepesi aanze, mwepesi amalize, kwa sababu hapo ndipo kamera zinapokuwepo.

Atatokea wa kulalamika kwamba zamu ya dakika 40 ni ndefu, mgongo unamuuma. Mkumbushe Bol d'Or ya Ufaransa, iliyoanza mwaka 1922: kwa miaka mingi mpandaji alikuwa mmoja peke yake kwa saa 24. Hatapona mgongo, ila atanyamaza.

4. Mpe mkaguzi kosa lake

Kabla ya mbio chombo kinakaguliwa. Chama cha Auto-Cycle Union kinasimamia mambo ya mbio za pikipiki Uingereza tangu 1903, na kina muda wote huo wa kufikiria namna ya kukurudisha nyumbani. Helmeti iwe na stika yake ya dhahabu. Nati ya kumwagia oili ifungwe kwa waya isije ikajifungua. Ncha za mikono ya breki na klachi ziwe za duara, zisimtoboe mtu. Eksileta ukiiachia irudi yenyewe.

Sasa sikiliza siri hii. Mkaguzi ni binadamu, ameamka saa kumi na moja alfajiri, na hataki kurudi kwake bila kukamata kitu. Mwachie kitu. Legeza kidogo bango la namba. Atalitikisa, uso utang'aa, atakupa somo fupi. Shukuru, kaza skrubu mbele yake, na kwa furaha aliyonayo hataiona cheni yako iliyolegea kama kamba ya kuanikia nguo.

Breki lakini zikaze kwelikweli. Utani una mipaka, na ukuta wa matairi hauna.

5. Kama ni lazima uibe, iba kwa kitambaa

Kuna jambo litakujia usiku. Silinda ya FS1-E ina upana wa milimita 40 na pistoni inasafiri milimita 39.7, ndiyo hizo cc 49.9. Madukani kuna silinda ya milimita 47, kwa nje unaweza kudhani ni ileile, na ndani umeshafika karibu cc 69. Nani atajua?

Usifanye. Si kwa ajili ya maadili, hilo ni la wengine. Tatizo ni kwamba hata ukiwa na cc 69 utamaliza wa 14. Halafu atokee mwenye wivu, akate rufaa, injini ifunguliwe mbele za watu, kipimo kisomwe kwa sauti, na ulimwengu ujue kuwa ulikuwa wa 14 pamoja na wizi. Hapo huwezi kuendelea kuishi mtaa uleule.

Fanya hivi. Injini iache ilivyo, lakini kila mtu akikaribia, ifunike haraka kwa kanga ya zamani. Mtume mwenzako asimame mbele yake. Akiulizwa, acheke kidogo na kubadilisha mazungumzo. Kufikia saa tano asubuhi kambi nzima itakuwa inanong'ona kwamba mna kitu. Kufikia mbio za tatu za msimu kuna watakaokuwa wamelala gereji wakitafuta kitu hicho. Umewachosha, na hujavunja kanuni hata moja.

6. Oili ni ya mtu mmoja

Hapa niwe mkali kidogo. Injini za namna hii hazina bwawa la oili chini kama pikipiki za bodaboda. Pistoni inalainishwa na oili iliyo ndani ya petroli. Yamaha waliweka pampu ya kuichanganya, ila wengi wa mbio huing'oa na kuchanganya wenyewe: mililita 20 kwa kila lita, kwa hiyo mililita 100 kwenye dumu la lita tano. Kazi ya dakika mbili, na ndiyo inayoua timu nyingi kuliko ajali.

Inavyokwenda ni hivi. Wa kwanza anadhani wa pili ameshatia. Wa pili anamwona wa kwanza ameshika chupa, anaridhika. Dumu linamiminwa, petroli inateremka ikiwa nyeupe na safi kama ya dukani, na hakuna anayejiuliza mbona haina rangi. Baada ya mizunguko saba, kimya. Siku nyingine wote wawili wanatia, chombo kinaondoka kimejifunika moshi wa bluu na plagi inalowa kabla ya kona ya pili. Basi chagua mtu mmoja, mpe kikombe cha vipimo, umwandike dumuni kwa kalamu ya wino mzito. Si kwamba hatakosea. Ni kwamba mtajua wa kumlaumu, na timu yenye amani ni ile inayojua wa kumlaumu.

Jifunze pia kusoma plagi, maana hakuna kinachokuonyesha fundi kwa bei ndogo kiasi hicho. Ifungue ingali ya moto, ishike kwa kitambaa, iinue kwenye mwanga, funga jicho moja. Ncha ikiwa ya rangi ya kahawa, mambo ni mazuri. Ikiwa nyeusi na ya kuteleza, oili au petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, petroli ni chache, joto limepanda, na pistoni iko njiani kutoboka. Kwa hali yoyote kati ya hizo sema "Mmh", uirudishe. Watazamaji watarudi nyuma hatua moja.

Na mambo yakiharibika kabisa, taja ethanoli. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ya Uingereza ina ethanoli hadi asilimia 10. Inavuta maji, inakula mipira ya mafuta ya zamani. Ni kweli tupu, na kwa kuwa ni kweli itafunika uzembe wenu wa msimu mzima.

7. Usikimbie

Mbio hizi hupenda kuanza kwa mtindo wa Le Mans: mwenzako ameshika chombo upande wa pili, wewe unavuka barabara mbio, unaruka juu yake, unaondoka. Kwa suti ya ngozi isiyofunga zipu, hapo ndipo mtu huanguka mbele ya wakwe.

Wewe tembea. Mwaka 1969, kwenye saa 24 za Le Mans za magari, Mbelgiji Jacky Ickx aliuona utaratibu ule ni wa hatari, akavuka barabara akitembea, akafunga mkanda taratibu, akaondoka wa mwisho. Kesho yake akashinda, kwa takriban mita 120. Mwaka uliofuata madereva hawakukimbizwa tena. Kwa hiyo tembea, na ukiulizwa sema "Ickx" kwa sauti ya chini. Kushinda kesho yake si lazima.

8. Kupitwa ni sanaa

Utapitwa sana. Likitokea, usimwangalie anayekupita. Inama uangalie injini, iguse kidogo kwa mguu, tikisa kichwa. Jukwaani watasema maskini, chombo kinamzingua. Kwenye mteremko lala juu ya tangi, kidevu kikiligusa, jifiche nyuma ya aliye mbele yako, maana kwa injini hii upepo ni ukuta. Kwenye mpando usijisumbue, inuka ufurahie mandhari.

9. Ikinoki

Itanoki. Sauti inapanda, inakatika, gurudumu la nyuma linafunga. Bana klachi hapo hapo, toka pembeni, kaa kwenye nyasi na usivue helmeti mara moja. Mara nyingi pistoni imepanuka tu kwa joto, ikapauka ubavuni. Iache ipoe dakika 20, jaribu kiki polepole, na huenda ikawaka ikiwa na kelele mpya ambayo hamtaizungumzia.

Ikiwaka, usirudi kukimbia. Katika kanuni nyingi asiyevuka mstari wakati bendera inapungwa hahesabiwi kuwa amemaliza, hata kama alizunguka mara mia. Kwa hiyo kiegeshe. Kunyweni chai. Zikibaki dakika tano, mtoeni yule mwepesi, azunguke mara moja kwa mwendo wa msiba na kupita chini ya bendera mkono ukiwa juu. Wale waliowaacha mbali kisha wakafia kona ya mwisho wataandikwa chini yenu. Nendeni mkawape pole, mkiwa na kikombe mkononi ikiwezekana.

10. Funga hesabu mapema

Oktoba ikiisha mtaahidiana kuifungua injini wakati wa baridi. Hamtaifungua. Iuze Januari, watu wakiwa bado na maazimio ya mwaka mpya. Ioshe, ipige picha jioni jua likiwa chini, andika kwamba imetunzwa na kwamba mwenyewe anahitaji nafasi gereji. Mnunuzi makini atakuja, atachuchumaa, atazungusha gurudumu, kisha atauliza kama imewahi kukimbia mashindanoni. Mtazame usoni umwambie ukweli: imeingia mashindanoni, ndiyo, lakini kukimbia haijawahi hata siku moja.