Asante kwa Maziwa: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Kiwanda

Bwana Mkurugenzi,

KUH: SHUKRANI KWA PAKITI YA MAZIWA

Sisi wa kitengo cha tanuru tunakushukuru kwa pakiti ya maziwa tunayopewa kila jioni baada ya kuyeyusha betri kuukuu. Msimamizi alisema maziwa huosha sumu. Tumekunywa miaka minane. Ng'ombe wametimiza wajibu wao.

Shida ni moshi wenye madini ya risasi, mzee. Hauteremki tumboni ukakutane na maziwa; unapita mapafuni hadi kwenye damu. Humo risasi hujifanya kalsiamu, na neva humfungulia mlango zikidhani ni mwenyeji. Inayobaki hujificha mifupani kwa miongo ya miaka. Kwa kuwa michango yetu ya NSSF haijaonekana, tumefarijika kuwa kuna mahali tunawekewa akiba ya uzeeni.

Matunda tunayaona. Kiganja cha mwenzetu mmoja kinaning'inia, hakiinuki. Wageni hudhani ni adabu. Mwingine, aliyekuwa mpole kama maji ya mtungi, sasa hugombana hata na kijiko. Mimi nilimtuma mwanangu dukani, aliporudi nikamuuliza katoka wapi. Ofisi yako ikatuletea barua za onyo: uzembe, ukali, usahaulifu. Daktari angeandika orodha hiyohiyo, ila juu yake angeweka jina la ugonjwa.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mwaka 2021 lilielekeza kwamba damu ikifikisha mikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kitafutwe na kukomeshwa. Chanzo tunakijua: kina geti na bawabu. Vipimo ndivyo hatuvijui. Ulitutoa damu, kisha ukasema majibu ni siri ya kampuni. Damu yetu, siri yako!

Kiswahili kimetupa neno moja kwa risasi mbili. Risasi ya bunduki hulia, watu wakaja mbio. Ya tanuru ni bubu. Pale Owino Uhuru, Mombasa, palipokuwa na kiwanda kama chetu, ilibidi wakazi wailize mahakamani, na mwaka 2020 ikaamuliwa walipwe shilingi bilioni 1.3.

Sisi tunaomba kidogo: mtambo wa kuvuta moshi, barakoa zenye chujio, bafu, ovaroli zifuliwe hapo badala ya kubebewa watoto nyumbani, na majibu yetu. Maziwa endelea kuleta, chai tunaipenda.

Nikiwa nimesahau kutia sahihi, tazama faili la maonyo. Jina langu limo mara tatu.