Fremu 14, Sindano Hakuna

Jamani, jamani, jamani. Hebu sogea kidogo hapo kwenye benchi, mwambie muuza kahawa anijazie kikombe, nikusimulie yaliyonikuta Jumapili hapa hapa Kimara. Nikiyanyamazia nitapasuka.

Mjukuu wangu wa darasa la pili kaleta shati lake la shule, kifungo cha pili kutoka shingoni hakipo. Kesho yake Jumatatu, mwalimu wa zamu yuko getini anakagua mmoja mmoja. Mama yake kapekua nyumba nzima, sindano haionekani, uzi hauonekani. Nikamwambia mwanangu, usihangaike, kwani senta si ipo? Plaza si tumejengewa? Nikavaa kandambili, nikateremka.

Jengo lenyewe unalijua. Hata kama hukai Kimara unalijua, maana liko Goba, liko Tegeta, liko Chanika, liko Mbagala. Juu nondo zimechomoza zinangoja ghorofa ambayo haijulikani itajengwa lini, chini fremu zimepangana kama mabehewa ya treni, vigae vinang'aa kiasi kwamba mvua ikinyesha kidogo tu watu wanateleza, na ukutani rangi nyekundu: FREMU INAPANGISHWA, MUONE DALALI. Halafu juu kabisa, kwa maandishi makubwa, Plaza. Nikazihesabu kwa kidole. Zilikuwa 14.

Ya kwanza, wakala wa pesa. Ya pili, wakala wa pesa. Ya tatu vipodozi, nikafurahi, kumbe mlangoni kuna kimeza, na nyuma ya kimeza binti anasajili laini na kutoa pesa. Mpaka nafika mwisho nimekuta mawakala watano! Sikiliza, tangu M-Pesa iingie nchini mwaka 2008 kazi hii imewalisha vijana wengi, na mimi siwasemi vibaya hata kidogo. Lakini watano ukuta kwa ukuta, ndugu yangu? Na ole wako utake kutoa laki moja Jumapili jioni. Wa kwanza atakwambia keshi imeisha, jaribu kwa jirani. Jirani anakusukuma kwa jirani yake. Ukifika kwa wa tano, anakuuliza kwa upole kabisa, "Yule wa kwanza umemuuliza?"

Loh!

Zikafuata saluni, ya kinyozi moja na za akina mama mbili. Nikachungulia ile ya pili, nikasema nyumba ya kupambia watu haikosi sindano. "Shikamoo babu, karibu." "Marahaba mjukuu wangu. Kifungo cha shati mnacho?" Akatazamana na mwenzake. "Kifungo hatuna babu, ila kope za kubandika zipo." Kope! Nikashika kiuno. Shati la mtoto wa darasa la pili nikalibandike kope?

Maduka ya dawa mawili, yamepakana, mabango rangi moja. Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianzia Ruvuma mwaka 2003, ili watu walio mbali na famasi wapate dawa zinazoaminika kwa muuzaji aliyefunzwa, na ni mpango wa heri. Ila nani alikaa akawaza kwamba sisi wa mtaa huu tunaumwa kichwa mara mbili kuliko wenzetu? Grosari nazo mbili. Mgeni asije akadanganyika: grosari ya Dar es Salaam haiuzi unga wala sukari, inauza bia, na muziki wake unausikia ukiwa kitandani. Ya 13 ni chipsi. Ya 14 tupu, imefungwa kufuli.

Hapo ndipo nilipokaa kwenye ngazi nikasonya msonyo ambao hata mbwa wa jirani aliusikia.

Kwa sababu mahali pale pale, kabla ya vigae, palikuwa na duka la Mangi. Kibanda cha mbao na bati, dirisha lina wavu, taa ya kibatari enzi zile umeme ukikatika. Nasema Mangi kama tunavyosema sote. Kwa Wachaga ni cheo cha mtawala, mjini tumekifanya jina la kila muuza duka, na huyu wetu alilistahili. Kwake kulikuwa na misumari ya inchi tatu, daftari la mistari, mshumaa, utambi, wembe, chumvi, mafuta ya kula ya kupimiwa, uzi mweusi na mweupe. Usiku alikataa kuuza sindano, kama walivyo wenye maduka wengi wa pwani hii, anasema ni mwiko, njoo asubuhi. Tulikuwa tunamnung'unikia. Leo natamani arudi aninyime, maana aliyekuwa ananinyima alikuwa nayo!

Kibanda kilivunjwa ili jengo lipande. Mangi aliambiwa akitaka atapewa fremu. Piga hesabu mwenyewe: kodi 250,000 kwa mwezi, inalipwa ya miezi sita kwa mkupuo, hiyo ni 1,500,000. Dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja, sasa 1,750,000, na hujaweka hata kiberiti kwenye shelfu. Mtu anayepata faida ya shilingi hamsini kwenye mshumaa atazitoa wapi? Akafunga virago. Na kijana anayekuja baada yake, akishalipa hizo, mtaji umebaki kiganjani. Anatazama kulia, wakala, anatazama kushoto, wakala, naye anaweka kimeza. Miezi sita ikiisha kodi imemshinda, anaondoka, dalali anamleta mwingine. Nimewaona wanne kwenye fremu moja. Wenye majengo, mnatuumiza kwa hiyo kodi ya mkupuo, na hao vijana mnawamaliza kabisa.

Basi, Jumapili ile tukaazima sindano kwa jirani, uzi tukauchomoa kwenye pindo la kanga kuukuu, kifungo tukakitoa kwenye mkono wa shati langu. Jumatatu nikapanda mwendokasi Kimara Mwisho, nimesimama, nimebanwa, mpaka Gerezani, nikaingia Kariakoo. Vifungo dazeni, sindano pakiti, uzi wa rangi mbili. Vyote kwa pamoja havikufika nauli ya kwenda na kurudi. Kariakoo jina lake limetokana na wapagazi wa jeshi la Waingereza wa Vita vya Kwanza vya Dunia, walioitwa Carrier Corps. Nilipokuwa narudi nikatazama ndani ya basi: huyu kabeba ndoo, yule kabeba koki ya bomba, mama mmoja kapakata madaftari. Wapagazi bado tupo, na njia yetu ni Barabara ya Morogoro.

Ile fremu ya 14 mpaka leo asubuhi bado ina kufuli. Wewe kijana unayezunguka na dalali kuitazama, nakuomba kama baba yako: usituletee wakala wa sita. Weka sindano, uzi, vifungo, misumari, mishumaa na daftari. Na mwenye jengo, mpokee kodi yake mwezi kwa mwezi. Wateja tumekaa hapa kwenye benchi, mbele ya mlango.