Jinsi ya Kuota Jua la Warusi

Mwongozo huu nimemwandikia mtu ambaye jua kwake si habari. Sisi wa ukanda huu tunalijua kwa kazi zake: linakausha dagaa na mpunga, linapausha kanga kambani, na likizidi tunavuka barabara kufuata kivuli cha mwembe. Ninachokuomba ni alasiri moja tu ya kulitazama kwa macho ya watu wanaolisubiri mwaka mzima. Viza haihitajiki. Andaa meza, kitambaa cheupe, tunda moja na subira ya kutosha.

Hatua ya 1: Saa yako iache ilivyo

Moscow, Nairobi, Dar es Salaam na Zanzibar zinafuata saa ileile. Tunaachana kwenye jua. Kwetu huchomoza karibu na saa 12 asubuhi na kuzama karibu na saa 12 jioni, Januari hadi Desemba, bila kutupa wasiwasi. Moscow, mwishoni mwa Juni, jua huchomoza kabla ya saa 10 alfajiri na kuzama baada ya saa 3 usiku. Ikifika Desemba, mchana wote ni saa 7 tu, na mara nyingi mawingu yanaula hata huo.

Ndiyo maana jua la kiangazi hupokewa kule kama mgeni aliyetoka mbali. Baraza hujengwa kwa vioo vingi ili apite popote apendapo, meza hutandikwa, na mwenyeji hataki aondoke. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukilishika hilo, nusu ya safari umeimaliza.

Hatua ya 2: Pata kiwanja, shika jembe

Nyumba ya kiangazi ya mashambani Warusi huiita dacha. Neno hilo limetokana na kitenzi chao cha kutoa, maana zamani dacha ilikuwa ardhi ambayo mtu alipewa na mfalme. Kufikia mwisho wa karne ya 19, hata watu wa mjini wa kipato cha kati walikuwa wakipanga dacha miezi ya joto. Enzi za Usovieti, wafanyakazi wengi waligawiwa viwanja vya bustani kupitia makazini mwao, na kipimo kilichozoeleka kilikuwa mita za mraba 600. Naam, ishirini kwa thelathini, kiwanja kilekile ambacho dalali yeyote wa kwetu anakitaja usingizini.

Ndani yake huenea kijumba cha mbao, viazi, matango, mtufaha na vichaka vya matunda madogo ya kupikia jemu. Wikiendi za kiangazi treni hujaa watu waliopakata miche ya nyanya. Miaka ya 1990, mishahara ilipokosa thamani, viazi vya dacha vilizilisha familia nyingi. Kwa hiyo anza na jembe. Chai ya barazani humnogea zaidi mwenye udongo kwenye kucha.

Hatua ya 3: Mwitikie msichana, kisha shuka mezani

Mwaka 1887 mchoraji Valentin Serov, kijana wa miaka 22, alikuwa Abramtsevo, shamba la tajiri wa reli Savva Mamontov kaskazini mwa Moscow. Akamketisha mezani Vera, binti wa mwenye nyumba, aliyekuwa na miaka 11, akamchora. Picha hiyo, "Msichana na Mapichi", leo imo katika Jumba la Tretyakov mjini Moscow, na nakala yake yenye rangi nzuri utaipata hata kwenye simu.

Uso utakuita kwanza. Mashavu yamechomwa na jua, nywele zimekataa kutii kitana, na macho ni ya mtoto anayetaka kurudi kucheza. Mwitikie. Kisha shuka mezani, kwenye mapichi, kisu na majani ya mti yaliyoachwa ovyo. Sasa tafuta weupe kwenye kitambaa cha meza. Utaona buluu hafifu, kijivu, manjano ya asubuhi, na uwaridi uliodokolewa kutoka kwenye blauzi ya Vera. Dirisha liko nyuma yake, kwa hiyo mwanga unaingia kwa mgongo, unamzunguka begani na kumwagikia mezani. Jua lenyewe halimo pichani. Vimo vitu lililovigusa, na kila kimoja kimeondoka na rangi ya jirani yake.

Nakusihi ukae hapo dakika kumi. Ukiinua macho, hata ukuta wa chumba chako utakuwa na rangi ambazo asubuhi hukuziona.

Hatua ya 4: Kaa, na ukichoka kaa tena

Serov alitaka picha iliyokamilika ibaki mbichi kama kitu kilichoonwa sasa hivi. Ubichi huo ulimgharimu Vera zaidi ya mwezi mmoja wa kukaa kitini, na mchoraji mwenyewe alikiri kwamba alimchosha mno mtoto wa watu. Mwaka uliofuata, huko Domotkanovo katika mkoa wa Tver, alimketisha binamu yake Maria Simonovich chini ya mti, siku baada ya siku, kiangazi chote. Madoa ya mwanga yanayopenya majani huhama kila dakika, kwa hiyo ilibidi wote wawili wasubiri hadi kesho yake saa ileile. Maria, ambaye mwenyewe alikuwa mchongaji, aliihurumia kazi akavumilia. Baadaye aliishi Ufaransa, na mwanawe, André Lwoff, alipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1965.

Subira huvuta heri, na hapa heri unaiona kwa macho. Mamontov alikuja kupoteza mali yake. Vera alifariki mwaka 1907, akiwa na miaka 32. Asubuhi ile ya Abramtsevo bado imekaa mezani.

Hatua ya 5: Mvua ikija, usikimbilie tambara

Aleksandr Gerasimov anajulikana zaidi kwa picha za Stalin. Lakini mwaka 1935, nyumbani kwao Michurinsk, alichora baraza la mbao lililotoka kunyeshewa, nayo ndiyo picha yake ninayoipenda. Sakafu inang'aa kama kioo na kuakisi miguu ya meza. Glasi imelala ubavu, na maua yamelemewa na maji. Watu hawapo, wamekimbilia ndani. Siku mvua za vuli zikikatika na jua kutoka ghafla, liangalie baraza lako kabla ya kulipiga deki. Picha hiyo unayo.

Hatua ya 6: Pokea povu

Mjomba wangu alisoma Moscow, katika chuo kikuu kilichopewa jina la Patrice Lumumba. Kremlin haikuwa na nafasi kubwa katika hadithi zake. Alichokisimulia kila mara ni siku moja ya Julai kwenye dacha ya mwanafunzi mwenzake. Bibi wa nyumba alikuwa akipika jemu uani kwenye beseni la shaba, nyigu wakimzunguka. Jemu inapochemka hutoa povu la waridi, na desturi ni kuliengua na kuwapa watoto. Bibi aliliengua, akalitia kwenye kisosi, akawapita wajukuu na kumpa mjomba, mtu mzima wa miaka 23. "Huyu ndiye aliyetoka mbali zaidi," akasema. Mjomba alilila barazani, jua la saa 2 usiku likimpiga usoni, na hadi uzeeni alikuwa akionyesha kwa kidole jinsi kisosi kilivyobaki safi.

Ndiyo maana naamini dacha, neno lile la kutoa, limekaa mahali pake. Basi kesho saa 10 alasiri, jua likishainama, tandika kitambaa cheupe karibu na dirisha, weka embe, uketi. Ukiona buluu kwenye kitambaa, mwite aliye karibu nawe aje aione kabla haijahama.