Friji ya Shemeji na Safari ya Nyanza-Lac

Friji ile ilifika kwetu Kanyosha, Bujumbura, imefungwa kamba nyuma ya pikapu. Shemeji yangu aliinunua kwa mtu anayeuza vitu vilivyotumika kutoka Ubelgiji, ikiwa imeng'olewa ndani ya karavani, zile nyumba za magurudumu ambazo Wazungu huzivuta nyuma ya gari wakienda likizo. Ilikuwa fupi, kimo cha meza, na mbele ilikuwa na swichi ya kuzungusha yenye alama tatu: gesi, betri ya volti 12, na umeme wa nyumbani wa volti 220. Mtaani kwetu umeme hukatika jioni na hurudi unapopenda, kwa hiyo tuliipokea kwa shangwe. Umeme ukizima tunawasha gesi, na maziwa ya watoto hayachachi tena.

Mwenye haki ya kwanza katika friji hiyo alikuwa mama mkwe wangu. Ana kisukari na huchomwa insulini asubuhi na jioni. Chupa ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikishafunguliwa huweza kukaa nje ya friji kama wiki nne, mradi joto lisipande mno. Ikiganda barafu ni ya kutupa, hata ikiyeyuka tena. Basi wifi yangu wa Nyanza-Lac alipokaribia kumwoza binti yake, na Mama akasema atabaki huko mpaka mvua zianze, ilitubidi kubeba chupa zake zote. Shemeji hakutaka kusikia habari nyingine.

"Friji inakwenda nasi," alisema. "Aliyeniuzia ameniambia inatumia betri ya gari."

"Na gari likisimama, shemeji?"

"Likisimama na yenyewe inapumzika."

Hapo ndipo muuzaji alipomdanganya, au hakujua anachouza. Friji ya namna ile haina mota. Ilibuniwa mwaka 1922 na wanafunzi wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, na hufanya baridi kwa kutumia moto: joto hufukuza amonia kutoka kwenye maji, amonia hupanda mabombani, hupoa, kisha hushuka na kunyonya joto la ndani ya kabati. Ukiiunganisha na betri, kazi yote ya umeme ni kupasha moto kawaya ka ndani. Hula ampea 10 au zaidi bila kupumzika, injini iwake isiwake. Friji ya gari yenye kompresa hula chini ya nusu ya hapo, tena hujizima ikishapoa.

Tulitoka alfajiri kwa Hiace ya mume wangu. Mama alikaa nyuma ya dereva, friji miguuni pake, waya wake mwembamba umechomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Nilipougusa tukiwa Kabezi, ulikuwa na joto. Waya mwembamba hupunguza volti njiani, na kale kawaya ka kupasha moto kakipata volti kumi na nusu badala ya kumi na mbili, karibu robo ya nguvu imekwisha potea. Kabla ya hapo, Mugere, watoto walikuwa wamepiga kelele wakitaka kuliona lile jiwe lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Tulishuka, wakaligusa, tukaendelea. Ziwa Tanganyika lilikuwa kuliani kwetu njia nzima, limetulia, mitumbwi ya wavuvi wa mukeke na ndagala inarudi, na Mama akituhesabia jamaa waliozikwa kila kijiji.

Rumonge, zaidi ya kilomita 70 kutoka Bujumbura, tulikuta mazutu, yaani dizeli, imefika kituo cha mafuta na foleni imefika barabarani. Aliyeishi Burundi miaka ya uhaba wa mafuta anajua: mazutu ikionekana huipiti. Tukajipanga, mume wangu akazima injini ili asichome kidogo kilichobaki.

Hapo friji ikafungiwa njia zake zote tatu. Umeme wa nyumbani haupo. Gesi ni mwali wa moto, na hakuna mwenye akili anayewasha mwali kwenye kituo cha mafuta. Ikabaki betri, nayo ndiyo ile ile ya kuwashia gari. Isitoshe, gurudumu moja lilikuwa mtaroni na Hiace imelala upande. Friji hizi hutegemea maji yake yateremke yenyewe mabombani. Ikilala upande baridi hukatika hata kama moto unawaka. Zamu yetu ilipokaribia, ufunguo ulitoa mlio mmoja mkavu, basi.

Mama alifungua mlango wa friji, akaweka kiganja ndani, akasema, "Humu mna vuguvugu."

Shemeji alianza kujitetea. Mama hakumgombeza. Alinituma sokoni nikanunue mtungi wa udongo usiopakwa rangi, kazi ya Watwa, na kitambaa cha pamba. Tukaweka chupa ndani ya kopo kavu, kopo ndani ya mtungi, tukauzungushia kitambaa kilicholowa, tukauweka dirishani penye upepo na kivuli. Ilikuwa kiangazi, hewa kavu, maji yalikauka upesi na udongo ukapoa. Mtungi haufiki nyuzi 8, lakini uliziepusha chupa na joto la ndani ya gari mpaka jioni. Vijana wa Rumonge walitusukuma, mume wangu akaachia klachi gia ya pili, injini ikashika, na hatukuizima tena mpaka Nyanza-Lac. Chupa zilihamia kwenye friji ya kituo cha afya usiku huo huo, na mhudumu akatuagiza tuzitumie zile kwanza, huku tukipima sukari kila siku. Binti aliolewa vizuri, na Mama alicheza.

Tuliporudi, fundi waya wa Buyenzi alitufungia betri ya pili kwa ajili ya friji peke yake, na rilei kati yake na ile ya injini. Injini ikiwaka, zote mbili zinachajiwa. Ikizimwa, rilei inaachia, na friji haigusi betri ya kuwashia gari. Waya ni mnene. Kabla ya safari tunaipoza friji usiku kucha kwa umeme au gesi, na insulini hatuiegemezi kwenye bati la baridi la nyuma isije ikaganda.

Wewe utakayefunga ya kwako, mwambie fundi aweke fyuzi pale pale kwenye betri, asiiweke mwishoni karibu na friji. Waya ukichubuka kabla ya kuifikia fyuzi, hakuna kitakachokata umeme, na gari linaweza kuungua na watu ndani.