Huruma ya Ami

Hakuna mwenye huruma kama ami baada ya arubaini. Udongo wa kaburi haujakauka, naye keshapima ploti kwa hatua, keshakunywa chai na dalali, keshaamua kwamba mayatima wanahitaji karo. Mkubwa wao yuko gredi ya tatu, shule ya serikali isiyotoza karo. Anayehitaji ni ami, na anahitaji pikipiki.

Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika 1981, inamjua mtu huyu vizuri. Kifungu cha 82 kinakataza kuuza ardhi ya marehemu kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi. Kifungu cha 58 kinataka wasimamizi wasiopungua wawili pale sehemu ya mali inaposhikiliwa kwa niaba ya mtoto, ili wachungane. Basi ami humleta mkewe awe wa pili. Wachungane vipi, na pikipiki wataipanda wote?

Na akiiuza mali bila idhini? Kifungu cha 45: faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Elfu kumi! Kwa ploti ya mamilioni, hiyo hata dalali angeikataa.

Nawe mnunuzi uliyeahidiwa "bei ya kindugu, tusiwasumbue mahakimu", itisha hati iliyothibitishwa, usome majina ya warithi. Ukikuta mwenye shamba bado anang'oka meno ya utotoni na idhini ya mahakama haionekani, rudisha pesa mfukoni.