Mwongozo wa Kujaribu Mashine Usizo Nazo

Umerekebisha mstari mmoja kwenye usanidi wa programu huria. Kwenye laptopu yako ya Ubuntu, hapa mtaani Bulla Pesa, imejengeka vizuri. Sasa unataka sifa, tena kabla bando halijaisha. Ni haki yako. Tatizo ni kwamba huna Windows, huna Mac, na mradi unazidai zote. Sogea karibu nikuonyeshe njia za mkato.

1. Jifanye Windows. Hamishia mradi kwenye folda uliyoiita "Kazi Yangu", yenye nafasi katikati, ujenge upya. Skripti iliyosahau alama za nukuu itaanguka hapo hapo, kama ambavyo ingeanguka ndani ya "Program Files". Kisha saka majina ya faili yanayotofautiana kwa herufi kubwa tu. Linux huhesabu Mteja.h na mteja.h kuwa faili mbili. Windows na Mac, kwa kawaida, huhesabu moja.

2. Jifanye Mac. Apple bado inatoa Bash 3.2, toleo la 2006, kwa hiyo mbinu za Bash mpya ziache. Na ile sed -i uliyoizoea? Kwenye Mac hudai kiambishi cha faili ya akiba, na isipopewa huigeuza amri yako kuwa kiambishi. Andika matokeo kwenye faili mpya, kisha uihamishe kwa mv: hiyo inakubalika kote. Vinginevyo utakuwa kama dalali wa mifugo anayetaja bei kwa Kiborana peke yake: humkosa mnunuzi Mturkana.

3. Azima mashine za wenye nazo. GitHub huiruhusu miradi ya wazi ijaribiwe bure kwenye kompyuta zake za Linux, Windows na macOS. Nakili mradi kwenye akaunti yako, uanguke huko kwanza, ambako hakuna anayekutazama. Bando lako litasafirisha mistari michache tu. Upakuaji mzito unafanyika kwao. Ukitaka mashine adimu, shamba la kompyuta la GCC hutoa akaunti bure kwa waandishi wa programu huria.

4. Haribu kazi yako makusudi. Hapa usiruke, nakusihi. Mwaka 2024, mtu aliyejipenyeza kwenye mradi wa xz alichomeka nukta moja katika jaribio la CMake linalokagua kama kinga ya Landlock ipo. Kwa nukta hiyo jaribio halikuweza kufaulu kamwe, kinga ikazimwa kimya kimya, na ujenzi ukaendelea kama kawaida. Mlango wa siri aliouficha katika mradi huo ulifichuliwa Machi na mhandisi Andres Freund, aliyeshangaa kwa nini kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Basi lione jaribio lako likisema ndiyo, ulione pia likisema hapana: ondoa maktaba linayoitafuta, jenga; irudishe, jenga. Programu ya rekodi za wagonjwa kama OpenMRS, iliyoanza 2004 kutokana na kazi ya kliniki za Eldoret, huwekwa kwenye kompyuta za kila namna, na nesi mwenye foleni mlangoni hawezi kukupigia simu akuulize laptopu yako ilisemaje.

5. Ripoti kwa maringo. Andika: "Nimejaribu Ubuntu, Windows na macOS. FreeBSD sijajaribu." Sentensi ya pili ndiyo yenye ujanja. Mpenzi wa FreeBSD havumilii kuona mashine yake imerukwa. Mara nyingi ataijaribu mwenyewe na kukubandikia matokeo. Mshukuru mbele ya wote. Marekebisho yanabaki na jina lako.