Mheshimiwa Mchepuo

Lami imesifiwa vya kutosha. Imewekewa jiwe la msingi, imechezewa ngoma, imekatiwa utepe na mgeni rasmi. Mchepuo haujawahi kukatiwa utepe na mtu yeyote. Greda linauchonga asubuhi moja, unamwagiwa moramu, unasimikiwa kibao cha mshale, na kuanzia hapo unabeba mabasi, malori na bodaboda zote zilizokataliwa na lami. Watu wa Mara, walioishi jirani na kijiko na shindilia kwa miaka mingi, wana deni la kuupongeza.

Fadhila yake ya kwanza ni usawa. Kwenye lami kavu kati ya Bunda na Musoma, gari la mkubwa hupita likipiga king'ora, basi likibaki na kikomo chake cha kilomita 80 kwa saa. Mchepuo haujui cheo. Mshika bendera akiinua nyekundu, wote husimama, na vumbi hugawiwa bila upendeleo. Azimio la Arusha lililiweka jambo hilo kwenye maandishi mwaka 1967; kifusi hulitekeleza bila kuitisha kikao.

Mwalimu Nyerere naye hakuudharau mwendo wa pole. Oktoba mwaka huohuo alitoka kwao Butiama kwa miguu hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio, akipita katika vijiji ambavyo abiria wa leo huvivuka amelala. Kwa hiyo anayenung'unika kwamba basi linakwenda mwendo wa mtembea kwa miguu hajui amepewa heshima ya aina gani.

Pili, mchepuo ni shule. Kama njia yote ingekuwa lami laini, anayeondoka stendi ya Bweri, Musoma, kwenda Dar es Salaam angehitaji kujua nauli na saa ya kuondoka tu. Sasa analazimika kuijua nchi. Kabla ya kukata tiketi huuliza kama mvua zimeanza, kwa sababu moramu ya Agosti si moramu ya Aprili. Hujifunza kwamba akifika Lamadi kuna uamuzi: kunyoosha hadi Mwanza, au kukata kushoto kupitia Bariadi na Maswa hadi Mwigumbi. Ramani ya simu ataifungua, lakini neno la kuaminika litatoka kwa dereva wa lori aliyelala Singida jana.

Anayekwenda Arusha ndiye hupewa mtihani wa juu zaidi. Akatize Serengeti na Ngorongoro, alipe viingilio vya hifadhi na kutikiswa mbavu huku pundamilia wakimtazama? Au azunguke Shinyanga, Singida na Babati juu ya lami, aongeze mamia ya kilomita?

Tatu, mchepuo hulisha watu. Basi linalopita kasi halinunui kitu. Linaposimama, madirisha hufunguka, na mayai ya kuchemsha, karanga na mahindi ya kuchoma hupanda juu kwa mikono ya akina mama na vijana ambao lami isingewapa hata sekunde. Konda aliyegoma kusimama tangu Bunda hulainika, abiria wakashuka kuchimba dawa bila kumbembeleza.

Nne, hauna haraka ya kuaga. Barabara ya Makutano hadi Sanzate, katika safari ya kuelekea Mugumu, ni kilomita 50 tu, lakini ujenzi wake uliipita mbali ile tarehe ya kwanza ya kukamilika. Ndoa nyingi hazidumu hivyo.

Na asiyeshawishika na hayo aende mahakamani. Serikali ilipotaka kupitisha barabara kuu kaskazini mwa Serengeti, kutoka Mugumu kuelekea Loliondo, watetezi wa wanyama walifungua shauri mwaka 2010. Juni 2014, Mahakama ya Afrika Mashariki jijini Arusha ikaizuia Tanzania kujenga barabara ya lami kukatiza hifadhi hapo, kwa kuhofia madhara kwa mazingira na kwa nyumbu wanaohama. Lami ina wakandarasi, wahandisi washauri na wafadhili. Vumbi lina hukumu.

Basi anayepanga safari ya Desemba kutoka Mara aondoke siku moja kabla ya ile anayotaka kufika, abebe maji na kanga ya kuziba pua, ampigie dereva aliyepita jana, na asimwahidi mwenyeji wake saa. Akikiona kibao cha mshale, amwambie dereva apunguze mwendo. Yule mshika bendera anasimama hatua chache kutoka kwenye magurudumu kutwa nzima, naye ana nyumbani pa kurudi jioni.